Jiwe la Deo Nililitupa Korongoni

Mhariri, jina langu usilitoe. Huku Mpanda watu tunajuana, na mimi nina mke na mtoto mdogo. Lakini yaliyomo humu yatoe yote, hata yale ya kunitia aibu.

Nimekosa, ndugu zangu. Na wala sikukosa kwa kutojua. Nilimkosea mama mmoja asiyeona, mama aliyekuwa ananipikia, na nikaendelea kumkosea siku baada ya siku huku yeye ananiita mwanangu. Huu mwaka wa nne sasa. Nimechoka kulibeba hili jambo kifuani.

Ngoja nianze mwanzo, usije ukadhani nakuzungusha.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa mtaani hapa Mpanda mjini miaka miwili mizima. Kazi yangu ilikuwa kushinda stesheni, treni ikifika napakua mizigo ya watu. Siku moja akashuka mama mmoja kutoka Dar es Salaam, mtaalamu wa mambo ya kale, na masanduku yake ya vifaa. Anatafuta vijana wawili wanaojua kusoma na kuandika, wa kumsaidia kupima magofu. Akanichukua mimi na kijana mmoja wa Kisukuma anaitwa Kulwa. Tukawa tunamwita Bosi, naye akazoea.

Magofu yenyewe yako kilimani, upande wa Mpimbwe, ukishapita Majimoto. Kilima sitakitaja. Ni maboma ya mawe ya mviringo, saba kwa jumla, yamepandana kuelekea juu. Mawe yamepangwa jiwe juu ya jiwe, hakuna udongo, hakuna saruji, na bado yamesimama. Mengine yamebomoka yamebaki usawa wa goti, mengine yanakufika kifuani. Kila boma lina mlango mmoja mwembamba, unaingia ubavu ubavu. Aliyejenga nani? Ukiwauliza wenyeji wanakwambia walizaliwa wakayakuta, na babu zao nao waliyakuta.

Ukiingia mle saa sita mchana, jua linachoma utosi, miguuni unasikia ubaridi. Na sauti yako haitoki nje! Kulwa akiwa nje ya ukuta, hatua tano tu, namwita haitiki. Mimi nilikuwa nacheka, nasema ni upepo. Msomi mimi, ningeogopa mawe?

Kazi ilikuwa hivi. Kulwa anashika mwanzo wa tepu, mimi nashika mwisho, Bosi anachora kwenye karatasi ya miraba. Jiwe moja moja, ndugu yangu! Boma moja linaweza kula wiki. Na Bosi alikuwa na sheria moja ambayo alitusomea siku ya kwanza na akawa anaturudia kila asubuhi.

"Hapa hakuna kuokota, hakuna kusogeza. Jiwe likiwa limelala kifudifudi, tunalichora kifudifudi. Sisi tumekuja kuangalia, hatukuja kufagia."

Baada ya mwezi mmoja nikawa nimejua kuchora. Bosi akaanza kuniachia bodi na penseli, yeye anasimama pembeni anatazama. Akasema mkono wangu umetulia. Siku nyingine akasema huko Dar kuna mafunzo, na angependa kumpendekeza mmoja wetu. Kichwa kikavimba! Nikaanza kumtuma Kulwa maji ya kunywa kana kwamba ni mtoto wangu, na tulianza kazi siku moja.

Sasa huyo mama.

Tulikuwa tumepanga chini ya kilima kwa mjane mmoja anaitwa Mama Deo. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili, anaona mwanga na kivuli basi. Lakini usingemdanganya kirahisi. Unga anaupima kwa kiganja, kuku wake anawajua kwa sauti, na njia ya kupanda kilimani anaifuata vizuri kwa fimbo kuliko sisi wenye macho. Tena alikuwa na utani! Tukirudi jioni tumechoka, anatokeza kichwa jikoni.

"Bwana Vipimo, leo umepima nini? Usije ukanipima na mimi, ukaniandika nimebomoka."

"Mama wewe bado imara, mawe yote yako mahali pake."

"Haya, na jiwe la ugali hili hapa, njoo ulichore."

Tunacheka mpaka Bosi anaacha kuandika. Mimi mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu, basi pale kwa Mama Deo nikajiona nimefika nyumbani. Alinifulia shati langu kwa mikono yake, bila kumwomba.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Deo. Alikwenda Karema kuvua samaki ziwani, Tanganyika, na siku moja mtumbwi ukarudi na watu wawili badala ya watatu. Mwili haukupatikana. Hayo alituambia wiki ya kwanza tu, kwa kifupi, halafu akaendelea kupeta mchele.

Na alituambia neno moja lingine. "Mkifika boma la juu kabisa, la mwisho, msiingie kabla hamjaniita. Mle mna mambo yetu."

Bosi akaandika kwenye daftari lake kwa kalamu nyekundu. Akasema, "Tutakuita, mama." Na mimi nikasema, "Tutakuita." Nilisema kwa mdomo wangu huu.

Ikafika Novemba, mawingu yameanza kujikusanya, tumebakiza boma hilohilo la saba. Bosi akapata malaria kali. Tukampakia kwenye lori la mpunga kwenda hospitali mjini, anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Hata katika hali hiyo alikuwa anatoa maagizo. "Nisubirini. Mvua ikiwahi, basi tutamaliza mwakani."

Mwakani! Mimi niliwaza mafunzo ya Dar. Niliwaza Bosi akirudi anakuta boma la saba limechorwa, limekamilika, safi. Atasema nini? Atasema kijana huyu!

Kesho yake asubuhi nikamwambia Kulwa tupande.

Boma la saba lilikuwa zuri kuliko yote, ukuta mzima, mviringo kamili. Ila ndani yake, sakafuni, kulikuwa na mawe yametawanyika, kama thelathini hivi. Na hayakufanana na mawe ya ukuta. Moja jekundu, moja jeusi lina vitundu, jingine linang'aa ukilipiga jua. Yamekaa kwa nafasi nafasi, kila moja peke yake. Mtu mwenye akili angejiuliza yametoka wapi. Mimi nilichokiona ni siku tatu za kuchora, na mvua inakuja.

Kulwa akasimama mlangoni na tepu yake. "Mama alisema aitwe."

"Mama haoni. Atakuja kuangalia nini?"

Ndivyo nilivyosema. Mungu wangu, ndivyo nilivyosema!

"Bosi naye alisema tusisogeze kitu."

"Haya ni mawe yaliyodondoka tu, yanatuziba. Wewe kama hutaki kaa hapo."

Akakaa. Hakushika hata moja. Mimi nikavua shati, nikaanza kuyabeba moja moja hadi ukingoni upande wa korongo, narusha. Linagonga mwamba, linagonga tena, halafu kimya, limemezwa na nyasi. Nikawa nafurahia hata ule mlio.

Kulikuwa na moja la mviringo, laini, saizi ya mkate mdogo. Nilipolishika, dole gumba langu likaingia lenyewe kwenye kishimo, likaenea. Nikalishika kidogo hivi. Halafu nikalirusha na lenyewe.

Ijumaa saa tisa mchana, Kulwa akinishikia tepu tu, nilikuwa nimeshamaliza ramani. Ndani ya mviringo nikaacha karatasi nyeupe.

Jumamosi, Mama Deo alikuwa na kawaida ya kupanda kilimani peke yake na fimbo yake, anakwenda asubuhi anarudi kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulidhani anakwenda kusali. Jumamosi ile nilikuwa barazani nachonga penseli, Kulwa anaoga nyuma ya nyumba. Nikamwona anashuka. Kanga yake ina vumbi magotini, viganja vimechubuka.

"Bwana Vipimo, mle ndani mbona peupe? Nimepapasa boma zima. Nimetambaa ukuta kwa ukuta. Mmeliweka wapi jiwe langu?"

"Jiwe gani, mama?"

Ndipo akakaa kwenye mkeka akanieleza. Katika ukoo wao, mtu akifia mbali na mwili usirudi, ndugu yake anakwenda hadi mahali marehemu alipokanyaga mara ya mwisho. Analeta jiwe kutoka hapo. Analiweka boma la juu, analitaja jina la mtu, basi mtu amerudi nyumbani. Mawe yote yale thelathini yalikuwa watu! Waliokufa migodini, waliokufa vitani Uganda, waliokufa njiani. Na Mama Deo, wakati huo bado anaona kidogo, alikwenda Karema, akawaomba wavuvi wamwonyeshe pale Deo aliposukumia mtumbwi. Akainama akaokota jiwe lililokuwa majini. Akarudi nalo kwenye malori, kalipakata mapajani njia nzima.

"Wenzangu wana makaburi ya kwenda kufagia," akasema. "Mimi nina lile tu, mwanangu. Namsalimia, namwambia mpunga umeendaje. Sasa liko wapi?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Ningesema, mama, ni mimi, nimeyatupa, njoo tukatafute. Angelia, angenitukana, angenifukuza. Basi! Badala yake nikasikia sauti yangu inasema:

"Ng'ombe, mama. Ng'ombe waliingia mle, wameyavuruga yote, mengine yamebingirika korongoni."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa Mzee Masanja, nadhani."

Mzee Masanja alikuwa mfugaji jirani, amehamia na familia yake kutoka Shinyanga, na kila asubuhi alimletea Mama Deo kibuyu cha maziwa bila malipo. Kulwa alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, anadondoka maji, taulo begani. Alisikia yote. Baadaye, anafunga begi lake, ndipo aliponitazama.

"Umewasingizia ng'ombe, wasioweza kujitetea. Mimi na wewe basi."

Akaondoka kwa miguu kwenda Majimoto. Sijamwona tena mpaka leo. Na kesho yake Mama Deo alirudisha kibuyu kikiwa kimejaa, hakukigusa.

Nililitafuta jiwe lile, haki ya Mungu nililitafuta. Siku mbili nilikuwa korongoni, nyasi zimenizidi kimo, mvua ya kwanza imeshanyesha, mawe yamejaa humo kwa mamia na yote yameloa. Sikuliona. Kila nikipanda kutoka korongoni namkuta amekaa barazani, kageuza sikio upande wangu.

"Bado, mwanangu?"

"Bado, mama."

Siku ya tatu nikashindwa kuivumilia hiyo "bado". Nikashuka mtoni, nikachagua jiwe laini, la mviringo, saizi ileile kwa kukadiria. Nikalikausha kwa shati. Nikampelekea.

"Mama, nimelipata."

Alifuta mikono kwenye kanga, akalipokea kwa viganja viwili. Akalipima, juu chini, juu chini, kama mama anavyompima mtoto aliyetoka kuugua. Vidole vikatembea, vikazunguka, vikarudi. Vikatafuta kitu.

"Na pale pa dole gumba?"

"Kwato, mama. Limechubuliwa na kwato, na kuanguka kule."

Akalirudia tena kwa vidole. Kuku wanakwaruza pembeni.

"Amepungua," akasema. "Deo wangu amepungua."

Akalifunga kwenye kanga akaingia nalo ndani. Jioni ile akachinja kuku kwa ajili yangu. Nilikula, ndugu zangu. Nilikula firigisi, akaniongezea mchuzi.

Bosi aliporudi, kapungua mwili, akatazama ramani ya boma la saba akatabasamu. Halafu akauliza, "Ndani hapakuwa na kitu?" Nikasema hapakuwa. Akafungua daftari, akaona maandishi mekundu. "Na mama mlimwita?" Nikasema tulimwita. Uongo ulikuwa umenizoea, ulikuja wenyewe. Mpaka leo hiyo ramani iko kwenye kabati la ofisi Dar es Salaam, na inasema mle ndani hamna kitu, ni peupe.

Mafunzo yale nilipendekezwa mimi. Sikwenda. Nilimwambia Bosi ninaumwa tumbo, na kweli nilikuwa naumwa, maana kila nikishika penseli nasikia lile neno. Amepungua.

Kiangazi kilichofuata Bosi alinirudisha kilimani siku chache kukagua vipimo. Nyasi za korongoni zilikuwa zimechomwa moto, mawe yote yako wazi, meusi kwa masizi. Nilishuka peke yangu mchana kweupe. Sikuchukua hata nusu saa. Niliokota la kwanza, la pili, la tano, na la sita dole gumba langu likazama kwenye kishimo.

Nilikaa chini nikalia. Nilifuta masizi kwa shati, likatokea vilevile, laini, zito. Zito kuliko lile la mtoni, karibu mara mbili! Nikalitia begini nikashuka, na moyoni naapa, leo nasema. Leo nasema!

Nikafika barazani, amekaa na wageni wawili, wanawake wa Kakese waliokuja kumsalimia. Akasikia hatua zangu akawaambia, "Huyo ndiye kijana aliyemtafuta Deo wangu siku tatu kwenye matope." Wanawake wale wakanipa mkono wakipiga magoti. Nikakaa, begi mapajani. Nikanywa uji. Sikusema.

Nikajiambia nitasema siku nyingine, akiwa peke yake. Na siku hizo zilikuwepo! Mwaka ule nilikwenda kumtembelea mara tatu, na mara zote tatu jiwe lilikuwa begini. Ananisikia nakuja, anaweka chini alichoshika, anajitengeneza kanga.

"Bwana Vipimo, umeniletea nini leo?"

"Sukari, mama."

"Sukari tu?"

"Na sabuni."

"Haya, mwanangu. Asante."

Halafu anakaa kimya kidogo kabla ya kuniuliza habari za mjini. Mimi nilidhani ni uzee.

Niliporudi nyumbani mara ya tatu nililiweka jiwe chini ya kitanda na nikasema, mwezi ujao. Mwezi ujao ikaja barua kwa mkono wa dereva wa lori: Mama Deo hali mbaya, anakuulizia. Nilipata usafiri siku ya pili. Lori likaharibika njiani. Nilifika saa nane mchana, nikakuta watu wako makaburini.

Walikuwa wameshamshusha. Nilisogea hadi ukingoni, begi begani. Mdogo wake, mjomba wake Deo, mkulima wa mpunga wa Majimoto, alikuwa ndani ya kaburi anamlaza vizuri. Ndugu wakampa kitu kimefungwa kwenye kanga. Akakiweka kifuani kwa marehemu, akaikunja mikono yake juu. Nilijua ni nini hata kabla sijauliza. Jirani mmoja akaninong'oneza, "Jiwe la mwanawe. Alisema azikwe nalo."

Jiwe la mtoni! La kuokota tu, halina mtu! Na Deo mwenyewe yuko begani kwangu, ananivuta bega. Sentensi moja tu ilihitajika. Watu wote walikuwa kimya, wangenisikia.

Nikainama, nikachukua udongo kama wengine, nikatupia.

Tangu hapo sina raha. Watu wanadhani kusumbuliwa ni mizimu ya usiku. Hapana, usiku nalala fofofo kwa uchovu. Mimi Mama Deo hunijia mchana. Niko sokoni, muuzaji anapima nyama mkononi kabla ya kuiweka kwenye mizani, nasikia: amepungua. Niko njiani, kipofu anagonga fimbo, nageuka nyuma jasho linanitoka. Sauti yake ni ileile ya upole, haina hasira, na hiyo ndiyo mbaya.

Nilioa. Mke wangu alilikuta lile jiwe, nikamwambia ni kumbukumbu ya kazi. Mwaka huu tukapata mtoto wa kike. Mwezi wa nne tulimpeleka kliniki kupimwa. Nesi akamning'iniza kwenye mizani, akatazama kadi, akasema kawaida tu, "Amepungua kidogo."

Nilipiga ukelele pale. Nililia mbele ya kina mama wote na kadi zao, nikakaa sakafuni, mtoto bado ananing'inia. Nesi akadhani mimi ni mwendawazimu.

Tulipofika nyumbani mke wangu alianza kupika, na mimi nikamwona kachutama anaponda karanga. Anapondea lile jiwe. Kumbe siku zote alikuwa analipondea karanga, dole gumba lake limeingia kwenye kishimo!

Ikanitoka yote. Nilimwambia tangu mwanzo hadi mwisho, karanga zikiwa bado zimeganda kwenye jiwe. Hakunitukana. Alikwenda akachota maji, akaliosha taratibu kama unavyomwogesha mtoto mchanga, akalifunga kwenye kanga yake ya harusi. Akanikabidhi.

"Nenda," akasema. "Na ukirudi nalo humu ndani, mimi na mtoto hutukuti."

Nilimkuta mjomba wake Deo kwenye mashine ya kukoboa mpunga, Majimoto. Mashine inanguruma, watu wamejipanga na magunia, vumbi la pumba limejaa. Nikamwambia nina neno. Akasema niseme kwa nguvu, hasikii. Nikasogea sikioni nikapaza sauti. Nikawa napiga kelele, "Niliyatupa mimi! Siyo ng'ombe! Jiwe mlilomzika nalo siyo lenyewe!" Na katikati ya hayo mashine ikazimwa, wanabadilisha gunia. Neno la mwisho likasikika uwanja mzima.

Watu wote wakageuka. Yeye akajikung'uta pumba mabegani, akalitazama lile furushi la kanga mkononi mwangu.

"Tunajua," akasema.

"Mnajua?"

"Dada alijua siku ileile ulipomletea. Mama atashindwaje kujua? Jioni ile alinitumia mtu, nikaja umeshalala. Mimi nilitaka nikutoe pale kwa bakora, yeye akakataa. Akasema, huyu kijana amehangaika siku tatu kwenye mvua, amejua alichofanya. Mwacheni. Ataniambia mwenyewe."

Nikalikumbatia lile furushi.

"Kila ulipokuja alisema leo ndiyo leo. Ukiondoka tunamwuliza, kasema? Anasema bado, amenipa sukari." Akafuta uso kwa mkono. "Na siku za mwisho akasema tumzike na lile lako. Kijana akija msibani asije akakuta tumelitupa, akaaibika mbele za watu."

Nilipiga magoti kwenye pumba. Nikamwomba twende wote kilimani, niliweke mahali pake, nitaje jina. Akatikisa kichwa. Akasema anayetaja ni aliyemzaa, na aliyemzaa mimi nilimfanya angoje mpaka akafa. Akalichukua jiwe la Deo na ile kanga. Nikamwuliza Mzee Masanja yuko wapi, nikamwombe radhi. Akasema watu walimsema sana, akahama na ng'ombe wake kuelekea bonde la Rukwa, hawajui alipo.

"Umenisamehe, mjomba?"

"Mimi hukunikosea," akasema. "Aliyekuwa na msamaha wako alikuwa amekaa barazani mwaka mzima." Akawaambia wawashe mashine.

Ndugu zangu mnaosoma, na hasa nyie vijana mnaopewa kazi kwenye vitu vya watu: mkiambiwa mwite fulani kwanza, mwiteni. Asipoona, mwiteni. Na kama umeshaharibu, usilete ng'ombe, usilete mvua, usilete jiwe jingine.

Mimi nilipima kila kitu kwenye kilima kile kwa miguu na kwa tepu. Kutoka pale korongoni nilipoliokota lile jiwe hadi barazani kwa Mama Deo ni hatua mia sita. Nilizitembea zote nalo begini, nikafika, akanipa kiti, nikakaa. Kama kuna mtu unamkosea na bado anakukaribisha kwake, acha gazeti hili hapo ulipo, nenda ukamwambie angali anasikia.